Herufi zinaingiliana: je, nimechelewa kusoma?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 59, nalima alizeti na mahindi huku Kongwa, na mahindi nauza Kibaigwa. Sikuwahi kusoma, barua hii ameniandikia binti wa jirani. Wanunuzi hunilipa kwa simu, na mjukuu wangu ndiye anayenisomea meseji, hata namba ya siri anayo. Msimu uliopita hela ilipungua, nikashindwa kujua imekwenda wapi, na sitaki kumsingizia mtoto. Nimejaribu kujifunza kwa daftari lake, lakini herufi zinaingiliana. Mwenzangu sokoni ananiambia samaki mkunje angali mbichi. Je, nimechelewa?

Mama wa Kongwa

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Hujachelewa. Ila kabla ya kukilaumu kichwa, anza na macho.

Shika simu, unyooshe mkono mpaka mwisho. Kama herufi zinatulia zikiwa mbali na kuvurugika ukizisogeza, hayo ni mambo ya umri. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho huwa ngumu, vitu vya karibu vikawa na ukungu. Dawa yake ni miwani ya kusomea. Usiokote tu miwani ya mnadani. Nenda hospitali upimwe kwanza, maana huko kwenu trakoma, ugonjwa wa macho, imewatesa watu miaka mingi, na kope zikishageukia ndani hukwaruza jicho kila unapopepesa.

Nilifundisha kisomo kwa miaka mingi hapa Dodoma. Mzee mmoja aliacha darasa mara mbili, akisema ubongo wake umekauka. Alipopata miwani alilitambua jina lake siku hiyo hiyo. Alikaa kimya kidogo, halafu akaomba daftari la jirani yake ajaribu na la mwenzake.

Na hiyo methali ya samaki inahusu malezi ya tabia za watoto. Mwenzako kaipeleka pasipo pake. Mama yangu mzazi alianza kisomo mwaka 1970, ule ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alikuwa amezidi miaka arobaini. Alikwenda darasani na ungo wake wa karanga, huku anasikiliza huku anamenya. Mwalimu hakumfukuza, alimwambia azipange ziwe herufi. Herufi "a" ya mama ilikuwa karanga saba, na mkia wake ni ganda. Nilikuwa binti nimesimama mlangoni, na ungo ule nauona hadi leo.

Kiswahili kitakuonea huruma, kwa sababu kinasomwa kama kilivyoandikwa. Irabu ni tano tu: a, e, i, o, u. Ukiishika ma, me, mi, mo, mu, basi ka, ke, ki, ko, ku zinapita njia ile ile. Tarakimu, kama wafanyabiashara wengi, naamini unazijua kwa kushika noti. Kwa hiyo andika jina lako, kisha maneno matatu ya meseji zako: Umepokea, Umetuma, Salio. Soma dakika ishirini kila siku, usingoje Jumapili ukae saa tatu mfululizo. Kinachorudiwa kila siku ndicho kinachokaa. Kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, ndio wakati wako. Muulize afisa elimu kata au mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu kama kuna darasa la watu wazima.

Namba ya siri ibadilishe leo, na mpya usimpe mtu yeyote, hata wakala. Mjukuu usimgombeze, huna ushahidi, na bado unamhitaji. Meseji ijayo ikiingia, asikusomee. Akuonyeshe kwa kidole neno Salio lilipo, kisha kiasi ukitaje wewe.