Hisabati ya darasa la sita: sehemu zinawashinda, nyinyi mnauliza tuisheni

Wazazi mmeniandikia maswali ya hisabati ya darasa la sita, nayajibu hapa moja moja. Walioanza na "shikamoo mwalimu", marahaba nyote. Walioandika "mwanangu hajui hesabu, nisaidie" bila kusema hesabu ipi, nimewaweka kando tena. Hata mganga wa meno huuliza jino lipi.

Mwanangu anajumlisha 1/3 na 1/4 anapata 2/7. Nimemwelekeza mara tatu, kesho yake anarudia palepale. (Mama, Morogoro)

Mama, umemwelekeza njia, hujamwonyesha kosa. Mtoto anaona namba nne, mbili juu na mbili chini, basi anajumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Kwake sehemu, kama hiyo 1/3, si namba moja, ni namba mbili zilizopangishwa chumba kimoja.

Usianze na KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote mbili za chini). Muulize kwanza: 2/7 na 1/3, ipi kubwa? Akikwama, achore mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja augawe vipande vitatu sawa na mwingine vipande saba sawa. Ataona mwenyewe kwamba 2/7 ni ndogo kuliko 1/3. Sasa mwulize: ulikuwa na theluthi ya mkate, ukaongezewa robo, imekuwaje mkate umepungua? Mwache akune kichwa. Hapo ndipo somo linapoanza, na ni hapo ambapo wazazi wengi hukosa subira na kunyakua kalamu.

Akishakubali kwamba jibu lake haliwezekani, ndipo KDS inapata kazi. Theluthi na robo ni vipande visivyolingana, huwezi kuvihesabu pamoja mpaka uvikate viwe saizi moja. Kumi na mbili inagawanyika kwa tatu na kwa nne, kwa hiyo theluthi ni 4/12, robo ni 3/12, jumla 7/12. Mtoto aliyepita njia hii hasahau. Aliyekaririshwa "tafuta KDS, gawanya kwa asili (namba ya chini), zidisha kwa kiasi (namba ya juu)" atasahau likizo ya kwanza tu.

Nimeliweka swali hili mbele kwa makusudi. Asilimia, uwiano, desimali, kipimio cha ramani, riba: vyote vya darasa la sita vimesimama juu ya sehemu. Mtoto asiyeona kwamba 3/8 haifiki nusu, msimpeleke kwenye riba.

Kwa nini tukigawanya kwa sehemu tunageuza ya pili na kuzidisha? Mwalimu wake kasema ndiyo kanuni. (Baba, Tabora)

Kanuni ni kweli, ila hilo si jibu la "kwa nini". Una mikate 3, kila mtu anapewa robo. Itatosha watu wangapi? Kila mkate unatoa robo 4, mikate mitatu inatoa 12. Kwa hiyo 3 ÷ 1/4 ni 3 × 4. Umegeuza bila kuamrishwa na mtu. Mpe mifano mitano ya namna hii kabla hajaisikia hiyo kanuni, naye ataitunga mwenyewe.

Mtoto wangu wa darasa la sita anahitaji tuisheni ya saa ngapi kwa siku?

Sijui, na aliyekuuzia hizo saa hajui pia. Mtoto anayekosea jambo lilelile saa mbili darasani na saa mbili tuisheni amefanya mazoezi ya kukosea kwa saa nne. Leta daftari tulione kwanza.

10 − 4 + 3. Mwanangu kapata 3, anasema MAGAZIJUTO inamtaka ajumlishe kwanza. Mimi napata 9. Nani mkweli? (Mzazi, Mbeya)

Wewe. Kifupisho hiki nimekilalamikia miaka mingi na nitaendelea. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa: mtoto anakisoma kama foleni ya benki, wa mbele ahudumiwe kwanza. Lakini kujumlisha na kutoa wana cheo kimoja, anayekutwa kwanza kutoka kushoto ndiye anayeanza. Kwenye kugawanya na kuzidisha kifupisho hakimuumizi mtoto, kwa sababu ukitanguliza kugawanya jibu linatoka lilelile. Kinauma kwenye JUTO. Mfanyie kwa shilingi: ulikuwa na 10,000, ukatumia 4,000, jioni mtu akakulipa deni la 3,000. Una 9,000. Akisema una 3,000 tu, mwambie akurudishie zilizobaki.

Duara lenye nusu kipenyo sm 7: kitabu kimoja kinasema eneo ni 154, kingine 153.86. Kipi kimekosea?

Hakuna kilichokosea, na hakuna kilicho sahihi kabisa. Cha kwanza kimetumia 22/7 kama pai (mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake), cha pili 3.14, na pai si hiyo wala hii, zote ni makadirio. Mtihani ukisema "tumia 22/7", tumia hiyo. Na mtoto aandike sentimita za mraba. Jibu lisilo na kipimo ni nusu ya jibu.

Tofauti ya mzingo na eneo nimeisoma mara nyingi, haikai. Mtoto naye ndiyo hivyohivyo. (Dar es Salaam)

Unaishi Dar halafu mfano hukuuona? Kiwanja cha 20 kwa 20 kina mzingo wa mita 80 na eneo la mita za mraba 400. Kiwanja cha 10 kwa 30 nacho kina mzingo wa mita 80, lakini eneo lake ni 300. Nyaya za uzio ni zilezile, ardhi imepungua kwa mita za mraba 100. Cha 5 kwa 35? Mzingo bado 80, eneo 175, na nyumba sijui utaijengaje. Kwa hiyo dalali akikwambia "mzunguko wake ni uleule, mzee", mwite mtoto wako wa darasa la sita na futi kamba. Hatua za dalali zina kawaida ya kufupika akifika kona.

Hapohapo kuna mtego mwingine. Mita 1 ni sentimita 100, lakini mita ya mraba 1 ni sentimita za mraba 10,000, kwa sababu unazidisha mia kwa mia. Watoto wengi huandika 100, na baadhi ya wazazi huweka vema.

Bei ya gauni ilipanda asilimia 20, ikashuka asilimia 20. Mwanangu kaandika "imerudi palepale", akakoseshwa. Kaonewa?

Hakuonewa. Anza na 50,000. Ikipanda asilimia 20 inakuwa 60,000. Asilimia 20 ya 60,000 ni 12,000, kwa hiyo inashuka hadi 48,000. Kila anapoona asilimia, ajiulize: ya nini? Hata wewe, ukiona bango la punguzo, jiulize bei ya jana ilikuwa ngapi.

Aruhusiwe simu kupiga hesabu za nyumbani?

Kuhakiki, baada ya kumaliza. Si kabla.

Kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Nianze sasa kumfundisha maneno ya hisabati ya Kiingereza? (Iringa)

Ukurasa wa mwisho wa daftari, maneno matatu kwa wiki, yatosha. Lakini asiyejua kigawo (namba inayogawanya nyingine bila kubakiza) ni nini kwa Kiswahili, ukimpa jina lake la Kiingereza umempa kitu cha pili asichokijua. Watoto wanaozama kidato cha kwanza tunasema lugha imewashinda. Wengi wao ukiwauliza kwa Kiswahili kigawo na kigawe (namba inayogawanyika kwa nyingine bila kubakiza) vinatofautianaje, wanatazama dari.

Hata akiwa dhaifu sasa, si atajirekebisha darasa la saba?

Mzazi, soma tarehe. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya wa Tanzania wanamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita, mwaka 2027, pamoja na wale wa mwisho wa darasa la saba. Wa kwako akiwa katika kundi hilo, hana la saba la kujirekebishia. Majirani zetu Kenya walishapita hapa: tangu 2022 watoto wao hufanya tathmini ya kitaifa mwishoni mwa Gredi ya 6. Mnaoendelea kupanga kwa kalenda ya enzi zenu, mtashtuka mlangoni.

Namba 1 ni namba tasa?

Hapana. Tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe; namba 1 inacho kimoja. Na 2 ni tasa ingawa ni shufwa. Hili nimelijibu mara nne mwaka huu.