Kesi aliibeba mdogo wangu peke yake

Mhariri habari za kazi. Wiki hii mmeuliza kwanini wanawake wengi wanaopigwa na waume zao wanaenda polisi alafu baadae wanafuta kesi. Nimelisoma swali nikiwa kwenye daladala nikashindwa kunyamaza, maana mwaka juzi nilimsindikiza mdogo wangu kuanzia siku ya kwanza mpaka kesi ilipokufa. Kwenye faili inaandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, ila hiyo Jamhuri, yaani serikali inayoshtaki, sisi hatukuiona, aliyebeba kila kitu ni yeye.

Tulifika kituoni saa nne usiku, mdomo umepasuka, mkono hauinuki. Swali la kwanza la askari: "Kwani ulimfanya nini?" Dawati la jinsia lipo, bango lipo mlangoni, lakini mhusika alishaondoka tukaambiwa turudi asubuhi, usiku ule alale wapi hakuna aliyeuliza. Asubuhi tukapewa PF3, fomu ya polisi ambayo daktari anaandika majeraha, tukatumwa tukaitoe kopi kwa hela yetu, hospitali daktari wa kuijaza hayupo, tukasubiri benchi moja na wagonjwa wa malaria mpaka saa tisa, uvimbe umeshaanza kushuka na yeye anasema dada basi tu twende, watoto hawajala. Kilichoniuma zaidi ni barua ya wito. Aliyepigwa ndio alipewa aipeleke kwa aliyempiga! Niliipeleka mimi na shemeji aliisoma akacheka mbele yangu.

Alikamatwa siku tatu baadae, jioni yake akapata dhamana, usiku alikuwa nyumbani. Nyumba ya kwake, watoto wako humo, mdogo wangu angeenda wapi? Hapa ndio naona sheria yenyewe imetuacha. Kenya walitunga sheria yao ya ukatili wa majumbani 2015, mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi na hata kumtoa mpigaji ndani ya nyumba, Uganda wana ya kwao tangu 2010. Sisi Tanzania bara hatuna sheria maalumu ya hivo, tunatumia Kanuni ya Adhabu, shambulio au kudhuru mwili, utafikiri ni watu wawili wamegombana stendi na kila mtu anarudi kwake. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema wazi kwamba hata kama mila inaruhusu hakuna mtu mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, mi nilifurahi nilivyokisoma, nikatafuta adhabu yake, kifungu hakina adhabu.

Alafu kuna hii suluhu. Shambulio la kawaida hakimu anaruhusiwa kisheria kuwahimiza wapatane, na ukitaka talaka lazima kwanza upite baraza la usuluhishi la ndoa, kuna dharura zinazoruhusiwa kisheria lakini mtu wa kawaida nani anamwambia? Kwa mtu na jirani yake waliogombania mpaka wa shamba suluhu sina shida nayo. Ila kwa mwanamke anayelala chumba kimoja na mshtakiwa, anayekula hela ya mshtakiwa, suluhu maana yake ni kwamba wakwe watakuja, wazee watakuja, mchungaji atakuja, wote wanaongea na yeye, yule mwanaume hakuna anayemsemesha. Mama yetu mwenyewe alimwambia mwanangu vumilia, wote tulivumilia.

Kesi iliahirishwa mara tano. Upelelezi haujakamilika, hakimu yuko likizo, shahidi hajaja (shahidi ni mpangaji mwenzao, mwenye nyumba alishamtisha). Kila tarehe ni nauli na siku ya biashara ya genge imepotea. Mara ya sita mdogo wangu akasimama akasema nimemsamehe. Hakimu akamuuliza kama kuna mtu amemshurutisha, akajibu hapana, mume wake kasimama hatua tatu kutoka pale. Nje karani akasema kwa sauti "hawa wanawake ndio walivyo, wanatupotezea muda."

Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10 wenye miaka 15 mpaka 49 walishapigwa tangu wafike miaka 15, sasa kama kila mmoja inabidi apite njia hii naomba msishangae mafaili yanafungwa. Mi ningependa kesi iendelee hata mwenye majeraha akichoka, PF3 ipo, picha zipo, majirani walisikia, na mshtakiwa akipewa dhamana apewe na masharti ya kukaa mbali na ile nyumba.

Mdogo wangu bado yuko kulekule. Siku hizi nikimpigia anaweka loudspeaker, anaongea taratibu, ananiuliza hali ya mama mara mbili mbili, na mimi namjibu mama ni mzima.