Jibu: Utando wa PVDF unaotoka mweupe

Mkuu, umeuliza kwa nini PVDF (plastiki yenye florini inayoweza kutoa umeme) unayoimimina juu ya kisahani cha silikoni kinachozunguka kwa kasi inatoka nyeupe kama maziwa badala ya kung'aa. Usiilaumu mashine. Ni unyevu wa hewani. DMF, yaani kiyeyushi ulichoyeyushia plastiki hiyo, hufyonza maji, na PVDF haipatani na maji, hivyo huganda mapema na kuacha vijitundu vinavyotawanya mwanga.

Zungusha kwenye hewa kavu ya naitrojeni, au pasha kisahani moto kwanza. Mimi napendelea kupasha. Ukikiinamisha chini ya taa, utando mzuri huonyesha rangi moja tulivu, bila mabaka.

Kisha upime kwa mwanga wa infraredi: mkanda wa ufyonzaji wa mawimbi 763 kwa sentimita ukijitokeza, ujue fuwele za alfa (mpangilio mmoja wa minyororo ya PVDF) zipo, na hizo hazikupi umeme unaoutafuta. Unataka beta, mpangilio mwingine unaoutoa.

Ukihitaji nanomita chache tu, achana na kuzungusha. Kwa njia ya Langmuir-Blodgett, kopolima (plastiki ya mchanganyiko) ya PVDF na trifluoroethileni hutandazwa juu ya maji na kuchotwa tabaka kwa tabaka; kwa njia hiyo zimepatikana tando za takriban nanomita 1 ambazo bado ni feroelektriki, yaani zina mwelekeo wa umeme wa ndani unaoweza kugeuzwa.