Balbu ya pili haipati makombo

Wanafunzi wangu hudhani kwamba balbu mbili zikiungwa kwenye betri kwa kufuatana, ya kwanza inamaliza mkondo wa umeme na kuiachia ya pili makombo. Hapana. Kwenye mfululizo, yaani balbu zikifuatana kwenye njia moja, mkondo ni uleule kila mahali. Kinachogawanyika ni volti. Betri mbili za tochi zinatoa volti 3, kwa hiyo balbu mbili zinazofanana zinapata 1.5 kila moja na zote zinafifia sawa. Zifunge sambamba, kila moja na njia yake hadi kwenye betri, na kila moja inapata 3. Nafundisha fizikia kidato cha pili hapa Mafinga, na maelezo matupu hayawatoshi: hamisha amita, yaani kipima mkondo, kabla, katikati na baada ya balbu, waisome wenyewe. Ila kagua balbu za dukani kwanza. Volti na ampea zilizoandikwa kitakoni zikitofautiana, moja itang'aa zaidi na darasa zima litarudi kulekule kwenye makombo.