Kujiandaa na Mabaya ya Uchaguzi: Je, ni Kukosa Tawakkul (Kumtegemea Allah)?

Swali: Naishi Nakuru, nina watoto wawili. Januari 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi, nilikuwa mtoto wa miaka tisa, tukalala uwanja wa maonyesho na wakimbizi wengine. Uchaguzi wa Agosti 2027 ukitajwa tu, moyo unanienda mbio. Nimeweka begi la vyeti, unga, na nauli ya kwenda kwa dada yangu Mombasa. Kila usiku naongeza jambo: barabara ikifungwa je, jirani wa kabila lingine akitugeuka je? Ustadhi wetu amesema darasani kuwa huku ni kumdhania Allah vibaya. Nina dhambi?

Jibu: Dada yangu, begi lako halina dhambi. Limeniuma zaidi kwamba mtoto aliyelala uwanjani ameambiwa hofu yake ni upungufu wa imani.

Kauli hiyo ni kongwe. Watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila masurufu wakisema, "Sisi ndio tunaomtegemea Allah," kisha wakifika Makka wanaombaomba. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, anasimulia katika kitabu cha hadithi cha Bukhari kuwa ndipo ikateremka: "Na chukueni masurufu" (Al-Baqara 197). Qur'ani imeshaijibu, nasi tunairudisha darasani kana kwamba ni ucha Mungu! Anayeishikilia atuambie basi Hijra, kuhama kwa Mtume kutoka Makka kwenda Madina, ilikuwa nini. Mtume (s.a.w.) alijificha na Abubakar pango la Thaur, kusini ya Makka, ilhali Madina iko kaskazini. Mwongozaji alikodiwa mapema, naye hakuwa Mwislamu. Abdullah bin Abubakar akileta habari za Makureshi usiku, Amir bin Fuhaira, mchungaji wa Abubakar, akileta maziwa. Hayo ni maandalizi ya mtu aliyejua kuwa anaweza kuuawa. Na ni yeye huyohuyo aliyesema pangoni, "Usihuzunike, hakika Allah yu pamoja nasi." Nani atathubutu kusema hapo tawakkul ilipungua?

Chakula weka, Mtume (s.a.w.) aliwawekea ahli zake cha mwaka. Kilichokatazwa ni kuficha bidhaa ili watu wauziwe ghali.

Ila hayo ya kila usiku ndiyo yanayonitia wasiwasi. Begi lina mwisho, mawazo hayana. Nabii Yaaqub aliwaambia wanawe waingie kwa milango mbalimbali, papo hapo akasema hawezi kuwafaa chochote mbele ya Allah. Alipanga, akakabidhi. Nawe kaa na mumeo au ndugu jioni moja, mwandike mtakachofanya, kisha daftari lifungwe. Uvumi wa simu usiusambaze. Soma An-Nisaa 83, aya inayokemea kueneza habari za hofu.

Na huyo jirani, mbona unampangia peke yako? Huenda naye analala macho akikuwaza wewe. Mpelekee sahani ya chakula, mwambie unachohofia, mpatane watoto wa nani wataingia nyumba ya nani mambo yakiharibika. Usingizi usiporudi hata hivyo, nenda hospitali ukazungumze na mshauri nasaha, maana hilo nalo ni katika kufunga ngamia, kama hadithi isemavyo: mfunge ngamia wako, kisha mtegemee Allah.

Wallahu a'lam.