Programu Huria: Imeiva Mtini au Imevundikwa?

Tangu tugusie habari ya kuhamia programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kusoma msimbo wake, kuubadili na kuugawa, maswali yamekuja mengi, na karibu yote yanazunguka jambo moja: mtu amepata programu, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, lakini atajuaje kama imekomaa vya kutosha kukabidhiwa kazi ya watu? Nimechagua saba. Machache nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa SACCOS moja. Nimepata programu ya mikopo huko GitHub, tovuti ambako watu huweka msimbo wa programu zao, ina nyota (alama za "nimeipenda") zaidi ya elfu nne. Hizo si ushahidi tosha? (Fundi, Mbeya)

Nyota ni kama wapita njia wanaosema "duka zuri hili" wakaenda zao. Hakuna aliyewauliza kama walinunua kitu. Na siku hizi nyota zinauzwa, kama wafuasi wa Instagram. Ndizi ya kuvundikwa nayo ni ya njano.

Tenga nusu saa. Fungua sehemu ya ripoti za hitilafu, na usianze na zilizo wazi, anza na zilizofungwa. Nani alijibu? Baada ya siku ngapi? Ilifungwa kwa sababu tatizo lilirekebishwa, au kwa sababu mlalamikaji alichoka? Usitishwe na wingi. Mradi wenye ripoti mia nane unaweza kuwa mzima wa afya, kwa kuwa watu hulalamikia kitu wanachokitumia. Unaonitia wasiwasi ni ule usio na ripoti hata moja.

Kisha soma maelezo ya matoleo. Mradi uliokomaa hukuambia wazi: ukitoka toleo la 3 kwenda la 4, chukua bakapu kwanza, endesha amri hii, na jambo fulani ulilozoea limeondolewa. Mradi mchanga huandika "marekebisho mbalimbali". Niliwahi kusasisha programu ya stoo kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, Ijumaa jioni, na maelezo ya toleo yalikuwa mstari mmoja wa namna hiyo. Jumamosi asubuhi bei zote zilisoma sifuri. Mwenye duka, mzee wa watu, hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti chake akaniangalia tu, na mpaka leo naona afadhali angenigombeza.

Kwa kuwa yako ni ya fedha za wanachama, ongeza jaribio hili. Iweke kwenye kompyuta ya pembeni, ingiza mikopo ya mwezi mmoja uliopita, halafu mwite mhasibu alinganishe riba na daftari lake, senti kwa senti. Chukua bakapu, futa kila kitu, rudisha. Kisha uliza swali la kweli kwa wenye mradi. Ukijibiwa kwa staha ndani ya wiki, jibu hilo litakuonyesha zaidi ya nyota zote elfu nne.

Programu ninayotumia haijatoa toleo jipya zaidi ya mwaka. Imekufa? (Msomaji, Arusha)

Inategemea kazi yake. TeX, programu ya kupanga kurasa ya Donald Knuth, hutolewa kwa nadra sana, miaka hupita. Namba zake za matoleo zinaisogelea pai ya hisabati: 3.14, 3.141, 3.1415, na kuendelea. Ile haijafa, imemaliza kazi yake. Mzee huyo hurekebisha kosa likipatikana, na zaidi ya hapo hataki iongezewe kitu.

Lakini programu inayokaa kwenye mtandao, inayopokea nywila au malipo, haiwezi kumaliza, kwa sababu wanaoishambulia hawamalizi. Kwa hiyo usihesabu miezi. Tafuta tundu la mwisho la usalama lililowahi kutangazwa juu yake, uone lilizibwa baada ya muda gani. Kama limetangazwa na hakuna aliyeinua kichwa, hapo hakuna mtu nyumbani.

Programu ninayoitaka iko toleo la 0.9. Niiweke kazini au nisubiri 1.0? (Mwanafunzi, Dodoma)

Kwa utaratibu wa namba ambao miradi mingi huufuata, sifuri mwanzoni ni tamko la mwandishi: lolote linaweza kubadilika, usinilaumu. Wengine huogopa tu kuandika moja, wakakaa na sifuri miaka kumi huku nusu ya dunia inawategemea. Wengine huandika 1.0 siku ya kwanza. Soma namba, kisha rudi kwa fundi wa Mbeya hapo juu.

Zahanati yetu inategemea programu ndogo ya kubana na kutuma mafaili, na nimegundua inatunzwa na mtu mmoja tu. Nihofu? (Afisa TEHAMA, Bukoba)

Swali hili ndilo lililonifanya niandike safu nzima. Wenye kazi hii wana kipimo wanachokiita cha basi: ni watu wangapi wakigongwa na basi kesho, mradi unasimama? Mimi hupenda kusema wangapi wakipata uhamisho. Mtumishi wa umma yeyote atanielewa.

Mwaka 2014 dunia iliamka na tundu lililoitwa Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu iliyokuwa inalinda sehemu kubwa ya tovuti zote, za benki zikiwamo. Tundu lilikuwa limekaa humo miaka miwili. Watu walipochungulia jikoni walikuta watunzaji wachache mno, na michango ya mwaka mzima ikizunguka dola 2,000. Kampuni zenye mabilioni zilikuwa zinakula kwenye chungu hicho bila kuuliza kuni zinatoka wapi. Zilianza kuchangia baada ya kuungua.

Kisa cha pili kinafanana na chako zaidi. XZ Utils ni programu ndogo ya kubana mafaili, iko karibu kila mahali palipo na Linux, mfumo huria unaoendesha seva nyingi. Mtunzaji wake alikuwa anafanya kazi ya kujitolea bila malipo, na mwaka 2022 aliandika hadharani kwamba uwezo wake wa kuihudumia umepungua. Wakati huohuo watu wasiojulikana walikuwa wanamsonga: mbona marekebisho yanachelewa, kwa nini usimpe mwingine? Na mwingine alikuwepo, mpole, mchapakazi, anajiita Jia Tan, ameanza kuchangia tangu 2021. Taratibu akapewa funguo, yaani ruhusa ya kubadili msimbo na kutoa matoleo. Mwaka 2024, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, akaficha mlango wa nyuma ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuingia kwenye seva za watu.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wajenzi wa hifadhidata huria ya PostgreSQL, na wala hakuwa anawinda majasusi. Aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida, na hakukubali kupuuza nusu sekunde hiyo. Tarehe 29 Machi 2024 akatangaza, kabla matoleo hayo hayajafika kwenye seva nyingi za kazi.

Angalia jambo la ajabu hapa. Kwa vipimo vya haraka, XZ ya mwanzo wa 2024 ingeonekana imepona: mchangiaji mpya, matoleo mapya, ripoti zinajibiwa. Kuongezeka kwa mikono si ukomavu kama hujui mikono imetoka wapi na nani anaikagua.

Upande wa pili iko SQLite. Hifadhidata hiyo imo kwenye simu yako sasa hivi. Ilianzishwa mwaka 2000 na D. Richard Hipp, inatunzwa na kikundi kidogo sana, na kwa kawaida haipokei msimbo wa watu wa nje. Kwa kipimo cha basi ingefeli. Lakini kikundi hicho kinalipwa na wanaoitegemea, msimbo wa kuijaribu ni mkubwa mara mamia kuliko programu yenyewe, na wametamka kwamba wanakusudia kuihudumia hadi mwaka 2050. Mtu mmoja aliyechoka na asiyelipwa ni hatari. Watatu wanaolipwa na wanaojaribu kila mstari ni habari nyingine.

Kwa hiyo, afisa, usianze na hofu. Mwandikie huyo mtunzaji, umuulize anaishije na kazi hiyo na kama yuko anayeweza kuishika. Kama bajeti yenu ina hata kidogo cha kumchangia, mpeni. Na fahamu mapema mtatumia nini siku akiacha.

Nipo Mombasa, naandika programu za wateja. Mimi hutafuta miradi ya kampuni kubwa tu, maana hao hawachoki wala hawafilisiki ovyo. Nakosea? (Msanidi, Mombasa)

Hawachoki, lakini hubadili nia. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliiondoa Terraform, programu yake ya kupanga na kusimamia seva, kwenye leseni huria. Machi 2024 Redis, wenye hifadhidata ya jina hilohilo, wakafanya vivyo hivyo. Kila mara waliokuwa wanaitegemea walichukua msimbo wa mwisho uliokuwa huria wakaanzisha mradi wao: OpenTofu upande mmoja, Valkey upande wa pili, yote miwili chini ya Linux Foundation, taasisi isiyo ya faida inayolea miradi huria. Redis walirudisha leseni huria mwaka 2025, wakati wengine wamekwisha kuhama.

Kwa hiyo tazama leseni, halafu tazama nani ana haki ya kuibadilisha. Kama kila mchangiaji husaini kwamba haki za msimbo wake zinahamia kwa kampuni moja, kampuni hiyo inaweza kuamka kesho na mawazo mengine. PostgreSQL haina mwenyewe mmoja. Hutoa toleo kubwa kila mwaka na kulihudumia miaka mitano, na kampuni nyingi zinazoshindana sokoni huweka wafanyakazi wao pale. Ukomavu wa namna hiyo sijaona wa kuushinda.

Mkuu wangu anasema cha bure hakina mwenyewe. Nataka maktaba ihamie Koha, programu huria ya kusimamia maktaba, nitamjibu nini? (Mkutubi, Morogoro)

Mwambie kina wenyewe wengi, na hilo ndilo la kuchunguza. Koha iliagizwa na maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand, mwaka 1999, kwa sababu mfumo wao wa zamani haukuwa tayari kwa mwaka 2000. Ilianza kazi Januari 2000. Iliagizwa na wakutubi, na baada ya zaidi ya miaka ishirini iko kwenye maktaba za vyuo hapahapa kwetu.

Mfano mwingine ataujua kama ana ndugu hospitalini: DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliutandaza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania nayo inautumia, na uko katika nchi zaidi ya 70. Kilichoukomaza kwetu si Oslo peke yake. Wapo wataalamu hapa wanaoujua ndani nje, ukikwama unapiga simu na anayepokea anaongea Kiswahili. Hilo orodha za kimataifa za ukomavu hazilipimi, na kwa taasisi yako huenda likazidi mengine yote. Kabla ya kumjibu mkuu, tafuta vyuo viwili vinavyotumia Koha, nenda ukae na mkutubi wao siku nzima. Muulize nani huwasaidia ikikwama, na humlipa kiasi gani. Maana programu ni bure, fundi si bure, na mkuu akiligundua hilo baadaye atasema ulimficha.

Shikamoo. Nimeandika programu ya kusimamia michango ya harusi na vikoba, nimeiweka wazi, watu kama thelathini wanaitumia. Yupo mmoja wa Nairobi aliyenitumia ujumbe WhatsApp saa nane usiku kwamba mtu yeyote anaweza kuona michango ya wenzake. Nifanye nini ili mradi wangu uhesabiwe umekomaa? Je, zipo alama rasmi? (Kijana, Tabora)

Marahaba. Alama zipo. Taasisi ya Apache, inayosimamia miradi mingi huria, hulea miradi michanga kabla ya kuipokea rasmi. CNCF, taasisi inayolea programu za kuendesha huduma za mtandaoni, ina ngazi tatu za ukomavu, na Kubernetes, programu ya kusimamia programu nyingine kwenye seva nyingi, ulikuwa mradi wa kwanza kuhitimu, mwaka 2018. OpenSSF, taasisi ya usalama wa programu huria, wana chombo cha Scorecard kinachotoa alama 0 hadi 10. Kitumie, ni bure, ila usikiabudu: moja ya vipimo vyake hutazama kama umefanya kazi yoyote ndani ya siku 90 zilizopita, na kwa hicho TeX ya Knuth ingepata aibu.

Wewe anza na haya. Weka faili la leseni, maana bila leseni msimbo wako si huria hata ukiwa wazi. Andika namna ya kuiweka programu, kisha mpe mtu ambaye hajawahi kuiona, ukae kimya nyuma yake umtazame anapokwama. Tafuta wa pili wa kushika funguo, mtu unayemjua kwa sura. Ziba hilo tundu leo, toa toleo, uwaambie wote thelathini kilichotokea bila kuficha. Na weka anwani ya kupokea ripoti za usalama, ionekane ukurasa wa kwanza. Huyo wa Nairobi alikuandikia WhatsApp saa nane usiku kwa sababu hakuona pengine pa kuandika.