Udi wangu unaungua badala ya kunukia

SWALI: Asalaam aleikum, fundi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinne Mkomani, hapa Lamu. Kila jioni nafukiza udi sebuleni, lakini harufu yageuka ya kuungua na wageni wanakohoa. Mito niliitia mafuta mazuri, yale ya manukato, ikafanya madoa. Na pafyumu ninayojipulizia haifiki hata saa moja. Nitumie kipi, wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na udi, maana hapo ndipo pesa yako inapoteketea. Udi hauchomwi, hupashwa moto tu hadi utomvu uliomo ndani uyeyuke na kupanda na joto. Ukiutupa juu ya kaa jekundu, mti wenyewe unawaka, na unachonusa ni moshi wa kuni. Acha kaa lishike majivu meupe, ulinyunyizie majivu mengine kidogo juu, ndipo uweke udi. Kama watumia yale makaa ya duara ya dukani yanayotoa cheche, yawashie uani. Yametiwa shura ili yashike haraka, na moshi wake wa mwanzo unachoma koo. Nadhani huo ndio unaowakohoza wageni.

Udi wa kupika, ule wa sukari, unataka moto mdogo zaidi, kwa sababu sukari huungua upesi. Wa vipande unatoka katika mti wa Aquilaria wa Asia, nao hujijaza utomvu pale tu unapoumia na kuingiwa na ukungu. Ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana tangu 2005 jamii zake zote zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ughali huo umeleta vipande vya mti mtupu vilivyolowekwa mafuta. Jaribu kimoja kabla ya kununua: chenye utomvu hutokota na kutoa povu kwenye joto.

Fukiza kabla wageni hawajafika, si wakiwa wamekaa. Funga madirisha dakika kumi, sogeza chetezo karibu na mapazia (kitambaa ndicho kinachoshika harufu, ukuta wa chokaa haushiki sana), kisha kitoe nje na ufungue madirisha. Tafadhali usiache chetezo katika chumba kilichofungwa alimolala mtu. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Mgeni mwenye pumu usimfukizie kabisa.

Mafuta mazuri ni ya mwilini: nyuma ya masikio, kwenye viwiko, kifuani. Hayana spiriti, kwa hiyo hayaruki upesi, lakini kitambaa hayakifai. Madoa uliyonayo yapake poda usiku kucha inyonye mafuta, kisha fua kwa sabuni ya vyombo. Shuka na mito itilie marashi mawaridi kwa mrashi, matone machache tu. Ni maji yaliyotokana na mvuke wa waridi, hukauka bila kuacha kitu.

Pafyumu yako huenda ni nyepesi, kwa hiyo soma chupa. Odikoloni huwa na mafuta ya harufu kama asilimia 2 hadi 4, eau de toilette 5 hadi 15, eau de parfum 15 hadi 20, na kinachobaki kwa wingi ni spiriti. Kwa joto letu spiriti huondoka mara moja. Paka mafuta ya nazi kidogo kwanza, ngozi ikiwa na unyevu harufu hukaa. Chupa iweke kabatini, mbali na jua. Vile vijiti vya kuchomeka kwenye chupa ya mafuta vinatosha chooni.

Vyumba vya kulala, mimi ningeviachia asmini. Hakuna moshi, hakuna doa, na mgeni hatapata harufu hiyo hotelini kwao. Nunua vitumba alasiri vikiwa bado vimefumba, vitandaze kwenye sahani juu ya kitambaa kibichi, uiweke kidakani. Baada ya isha vitakuwa vimefumbuka.